Mtandao Usiotoa Ahadi

Anayeanza kujifunza mitandao ya kompyuta kwa kawaida hukabidhiwa orodha. Hii ni swichi, ile ni ruta, hii ni anwani ya IP, ile ni DNS. Huikariri, hufaulu mtihani, na bado hajui kwa nini mambo yakawa hivyo na si vinginevyo. Ninachodai hapa ni kwamba karibu kila kilichomo katika orodha hiyo kimetokana na uamuzi mmoja, uliokomaa kati ya 1964 na 1983 mikononi mwa watu wachache wa Marekani, Uingereza na Ufaransa: kwamba mtandao wenyewe usiahidi lolote zaidi ya kujitahidi kusogeza data mbele, na kazi ya kuhakikisha kwamba data zimefika, tena zikiwa kamili, wabebeshwe walio kwenye ncha mbili za mazungumzo. Mashirika ya simu yaliupinga uamuzi huo mara kwa mara, kwanza Marekani, kisha Ufaransa, na miaka mingi baadaye Nairobi. Upinzani wao haukuwa wa kijinga. Ukishajua walikuwa wakibishania nini, vifaa vya kwenye orodha vinajieleza vyenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwasiliana kwa mbali kulimaanisha simu, na simu ilijengwa kwa kanuni iliyo kinyume kabisa na hiyo. Ukipiga namba, mitambo ya vituo vya simu ilikuunganishia njia moja kamili kutoka kwako hadi kwa unayempigia, na njia hiyo ikawa yenu ninyi wawili hadi mmoja akate. Mkiongea ni yenu, mkinyamaza ni yenu. Kampuni ya AT&T, iliyotawala simu za Marekani, iliuza kitu hicho hasa: ukishaunganishwa, sauti itafika. Akili yote ilikaa vituoni. Chombo kilichokuwa mezani kwa mteja kilikuwa na kengele, kipaza sauti na kidude cha kuzungushia namba, basi. Kwa sauti za watu mpango huo ulifaa sana. Kompyuta hazisemi hivyo. Mtu anayeitumia kompyuta ya mbali hutuma herufi chache, hutafakari dakika nzima, kisha hupokea kurasa kwa mpigo mmoja. Kuipa kompyuta laini nzima ya simu kwa saa nane ni kama kufunga Barabara ya Morogoro kutwa nzima ili pikipiki moja ipite asubuhi na nyingine jioni. Tena akili ikishakaa katikati, katikati pakivunjika eneo zima linanyamaza.

Wa kwanza kulishika jambo hili kwa uzito alikuwa Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND huko Santa Monica, California, iliyofanya utafiti kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Swali lake lilikuwa la kivita: mabomu ya nyuklia yakipiga vituo vikuu vya simu, amri zitapitaje? Katika mfululizo wa ripoti zilizotolewa mwaka 1964 alipendekeza mtandao usio na kituo kikuu. Kila kituo kiunganishwe na majirani watatu au wanne. Ujumbe ukatwe vipande vidogo vya ukubwa mmoja. Kila kipande kibebe anwani ya kinakokwenda. Kila kituo kikipokee na kukirusha haraka kwa jirani anayeonekana kuwa na njia nzuri zaidi wakati huo. Vipande vya ujumbe mmoja vinaweza kupita njia tofauti na kufika bila mpangilio, vikapangwa upya mwisho wa safari. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviita leo pakiti. Wahandisi wa AT&T walimwambia haiwezekani. Kwa upande wao walikuwa na hoja: walikuwa wamejenga mfumo bora wa simu duniani kwa kudhibiti kila hatua ya njia, na hapa anakuja mtu anayetaka njia isijulikane hata na mwenye mtandao. Mpango wa Baran haukujengwa.

Karibu wakati huohuo, bila kumjua Baran, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, Uingereza, alifika palepale mwaka 1965. Yeye hakuwa akiwazia vita. Alisumbuliwa na gharama: kompyuta moja ilikuwa ghali mno, watu wengi walitaka kuitumia kwa pamoja kutoka mbali, na laini za simu zilikuwa zikikaa bure muda mwingi. Inafaa kulikumbuka hili kwa sababu watu wengi bado wanaamini kwamba intaneti ilibuniwa ili kustahimili bomu la nyuklia. Ripoti za Baran, ndiyo. Lakini mtandao uliokuja kujengwa ulitokana na kero ya Davies zaidi kuliko hofu ya Baran. Mwaka 1966 Bob Taylor, aliyesimamia utafiti wa kompyuta katika wakala wa ARPA wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alikuwa na mashine tatu za kuchapia ofisini kwake, kila moja ikiunganishwa na kompyuta yake: moja Santa Monica, moja Berkeley, moja MIT. Akitaka kuhama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, ilimbidi ahame kiti. Aliomba fedha za kuziunganisha, akapewa, na akamleta Larry Roberts kuongoza kazi.

Hapo ndipo chombo cha kwanza cha orodha yetu kilipozaliwa. Vyuo vikuu vilivyotakiwa kuunganishwa vilinung'unika kwamba kompyuta zao zingeelemewa na kazi ya kupitisha data za watu wengine. Wesley Clark alitoa rai ya kuliondoa tatizo: kila chuo kipewe kompyuta ndogo ya ziada, na hiyo pekee ndiyo ishughulike na kupokea pakiti na kuzirusha mbele. Kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, ilishinda zabuni na kuzitengeneza kutokana na mashine za Honeywell DDP-516. Ruta iliyoko ofisini kwako, hata kile kisanduku chenye taa zinazomweka sebuleni, ni mjukuu wa mashine hizo. Tangu hapo wabebaji wa data wakatenganishwa na watumiaji wa data, na mgawanyo huo haujafutika mpaka leo. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alianza kuchapa neno la kuingilia kwenye kompyuta ya taasisi ya SRI, takriban kilomita 500 kaskazini. Herufi mbili zilifika, L na O, kisha kompyuta ya SRI ikaanguka. Mtandao haukuwa na kosa. Iliyoshindwa ni kompyuta ya mwisho wa njia. Hadi Desemba vituo vilikuwa vinne, Santa Barbara na Utah vikiwa vimeongezeka, vyote kwa laini za kilobiti 50 kwa sekunde.

Kuunganisha mashine ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukubaliana: nani aanze, ujumbe uwe na umbo gani, nini kifanyike kipande kikipotea. Makubaliano ya namna hiyo ndiyo itifaki. Kazi ya kuyaandika iliangukia wanafunzi wa shahada za juu, ambao hawakuwa na mamlaka juu ya mtu yeyote, na Aprili 1969 mmoja wao, Steve Crocker, aliandika waraka wa kwanza wa mfululizo uitwao RFC, jina linalomaanisha kwamba ni ombi la maoni tu. Itifaki za intaneti zinaandikwa katika mfululizo huohuo hadi leo, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Lakini ARPANET, kama mtandao huo ulivyoitwa, bado ulikuwa na tabia ya simu: mashine za BBN ziliahidi kufikisha kila ujumbe kwa mpangilio, na kompyuta za vyuoni ziliiamini ahadi hiyo kiasi kwamba ujumbe ukipotea hazikuwa na njia nzuri ya kujiokoa. Hatua iliyobaki ilichukuliwa Ufaransa.

Louis Pouzin, aliyeongoza mtandao wa majaribio wa CYCLADES kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, aliiondoa ahadi hiyo kabisa. Katika CYCLADES kila pakiti ilisafiri peke yake. Mtandao uliruhusiwa kuipoteza, kuirudia, au kuifikisha baada ya mwenzake aliyetumwa nyuma yake. Kompyuta za kwenye ncha ndizo zilizohesabu, zilizogundua pengo na kuomba irudiwe. Hoja ya msingi, ambayo Saltzer, Reed na Clark mwingine, wote wa MIT, waliiandika vizuri mwaka 1984, haijapata jibu la kuibomoa. Chukua faili linalohamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Linaweza kuharibika njiani, lakini pia linaweza kuharibika linaposomwa kwenye diski, linapokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, au linapoandikwa upande wa pili. Hata mtandao ukiapa kwamba haujapoteza hata biti moja, mpokeaji makini atalazimika kulihakiki faili lote mwishoni. Na kama uhakiki huo ni wa lazima, basi ahadi ya mtandao ni gharama inayolipwa mara mbili.

Mamlaka ya posta na simu ya Ufaransa haikuvutiwa. Ilitaka mfumo wa X.25, uliopitishwa kimataifa mwaka 1976, ambao ulifufua ndani ya mitandao ya pakiti ile njia ya kuunganishwa mwanzo hadi mwisho, mtandao ukiwa na dhamana ya kufikisha. Mtandao wake wa Transpac ulifunguliwa mwaka 1978, na CYCLADES ukanyimwa fedha. Hoja ya mamlaka ilikuwa rahisi na ya haki: mteja anayelipa anataka kuuziwa huduma, na mtu hawezi kumwuzia mwenzake "tutajaribu". Wala hawakushindwa upesi. Juu ya Transpac ilipanda Minitel, mashine ndogo zenye kioo zilizogawiwa nyumbani bure, na katika miaka ya 1980 Wafaransa walikuwa wakikata tiketi za treni na kuangalia salio la benki wakiwa sebuleni, wakati sehemu kubwa ya dunia haijasikia habari za jambo hilo. Minitel ilizimwa mwaka 2012. Anayesema kwamba mtandao wa ahadi haufanyi kazi anakosea. Ulifanya kazi, tena vizuri, mradi aliyetaka kuanzisha huduma mpya juu yake akubaliwe na mwenye mtandao. Mwaka 1991 Tim Berners-Lee alipouachia umma wavuti aliobuni huko CERN, Geneva, hakuhitaji ruhusa ya mwenye waya hata mmoja. Kompyuta mbili zilizokubaliana itifaki yake zilitosha, kwa sababu pakiti zake, kwa ruta, hazikuwa na tofauti na za mtu mwingine.

Waliofanya wazo la Pouzin litawale ni Wamarekani wawili, Vint Cerf na Robert Kahn. Kahn alikuwa na mitandao mitatu mezani: ARPANET ya waya, mtandao wa redio huko San Francisco, na wa setilaiti juu ya Atlantiki. Mmoja ulikuwa na kasi, mwingine ulipoteza pakiti kila gari lenye antena lilipopita chini ya daraja, wa tatu ulichelewa kwa sababu mbingu ni mbali. Huwezi kuilazimisha redio iahidi kinachoahidiwa na shaba. Kwa hiyo, katika makala waliyoichapisha Mei 1974, walidai kidogo iwezekanavyo kwa kila mtandao: uweze kubeba pakiti yenye anwani inayoeleweka kote, na uwe na lango la kuipitisha kwenye mtandao wa jirani. Mengine yote yafanywe na ncha. Novemba 1977 walituma pakiti kutoka kwenye gari lililokuwa likienda barabarani California, zikapita mitandao yote mitatu hadi Ulaya na kurudi Los Angeles. Mwaka uliofuata kazi ikagawanywa mara mbili. IP hubandika anwani na kusukuma pakiti mbele, basi. Haikumbuki hata iliyotangulia. TCP, inayoishi ndani ya kompyuta za ncha tu, hutia namba kwenye data, husubiri kuthibitishiwa kwamba zimepokewa, na hurudia zilizopotea. Asiyetaka kusubiri hutumia UDP, isiyorudia kitu; ndiyo maana ukipiga simu ya video na njia ikawa mbaya, sauti hukatika kidogo na kuendelea badala ya kusimama ikingojea silabi iliyopotea. Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta zote za ARPANET zilitakiwa kuhamia TCP na IP, na hapo ndipo wengi huanzia kuhesabu umri wa intaneti.

Kutokutoa ahadi hakukuishia kwenye safari ndefu. Chumbani nako kulikuwa na mgogoro wa namna hiyohiyo. Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii alikuwa ameunganisha visiwa kwa redio kuanzia 1971 kwa utaratibu wa kushangaza: mwenye cha kutuma atume tu, akikosa uthibitisho, ajue amegongana na mwenzake, asubiri muda wa kubahatisha, ajaribu tena. Robert Metcalfe wa maabara ya Xerox huko California alilichukua wazo hilo mwaka 1973, akalihamishia kwenye waya mmoja uliounganisha kompyuta za jengo zima, akaongeza adabu moja: sikiliza kwanza kabla ya kutuma. Ndiyo Ethernet. IBM ilikuja na mpango wake wa kupokezana zamu, na wahandisi wake walibisha, kwa hesabu zisizo na kasoro, kwamba zamu huhakikisha kila mmoja atapata nafasi ndani ya muda unaojulikana, ilhali Ethernet haimhakikishii mtu chochote. Ethernet ilishinda kwa kuwa rahisi na kwa kuwa kampuni nyingi ziliruhusiwa kuitengeneza. Migongano yenyewe iliondolewa baadaye na swichi, inayompa kila mmoja waya wake na kupeleka data kwa mlengwa peke yake.

Sasa safari ya pakiti moja inaweza kusomeka. Kompyuta yako ina anwani mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani, ya biti 48, iitwayo MAC. Ina maana ndani ya mtandao wa jengo lako tu, na ndiyo swichi inayoitazama. Ya pili ni ya IP, ambayo katika toleo la nne ina biti 32 na hueleza uko mtandao gani duniani. Ukitaka kufungua tovuti, kwanza kompyuta hulitafutia jina anwani yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 majina yote yaliwekwa katika faili moja lililotunzwa SRI na ofisi ya Elizabeth Feinler, na kila mtu alilinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, ambamo hakuna anayeshika daftari zima: seva za juu kabisa zinajua nani anatunza majina ya .tz au .ke, hizo nazo zinajua nani anatunza jina la chini yake. Anwani ikishapatikana, kompyuta yako huangalia kama iko humuhumu jengoni. Ikiwa si ya humu, huitafuta anwani ya MAC ya ruta na kuikabidhi pakiti. Ruta huvua maelezo ya Ethernet, hutazama anwani ya IP, hupunguza kwa moja namba inayohesabu hatua zilizobaki ili pakiti iliyopotea njia isizunguke milele, huchagua jirani, huivisha maelezo mapya na kuisahau. Inayofuata hufanya vilevile. Hakuna ruta hata moja njiani inayojua kama ulipokea ukurasa wako.

Pingamizi zito kuliko yote lilitoka kwenye mtandao wenyewe, Oktoba 1986. Kama ncha ndizo zenye madaraka, nani atazizuia zote zisifurike kwa pamoja? Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyotengana kwa mita mia chache tu, kasi ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Mtu angeweza kuchapa haraka kuliko hivyo. Chanzo kilikuwa bidii isiyo na busara: ruta zilipozidiwa zilitupa pakiti, kompyuta, zikikosa uthibitisho, zilizirudia, marudio yakaongeza msongamano, nao ukasababisha pakiti nyingi zaidi zitupwe. Mtu wa simu angesema: mnaona sasa, wekeni msimamizi katikati. Van Jacobson, aliyechunguza tukio hilo, aliliponya bila kugusa katikati. Alibadilisha TCP ili kompyuta ianze polepole, iongeze kasi kadiri uthibitisho unavyorudi, na ipunguze mara moja inapoona pakiti zinapotea. Dawa hiyo ilienea kuanzia 1988. Ina udhaifu mmoja ambao watetezi wa intaneti hupenda kuuruka: inategemea uungwana. Hakuna kinachomlazimisha mwandishi wa programu kuwa mpole, na intaneti imeishi miaka yote hii kwa sababu wengi wamekubali kuwa wapole.

Uungwana huo huo ulikuwa na bei kubwa upande wa usalama, na hapa wapinzani wana haki zaidi. Novemba 1988 programu ya mwanafunzi Robert Morris ilijinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta na kuzilemaza maelfu, kwa kuwa mtandao uliibeba kwa uaminifu uleule unaobebea barua pepe. Februari 2008 shirika la simu la Pakistan, likitekeleza amri ya kufunga YouTube ndani ya nchi, lilijitangaza kwa majirani kuwa ndilo njia ya kufikia anwani za YouTube. Mitandao ya nje ikaamini, na YouTube ikatoweka sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili. Itifaki ya BGP, ambayo mitandao mikubwa huitumia kuelezana njia, ilikuwa imejengwa juu ya kuaminiana. Kwa yaliyomo ndani ya pakiti, tiba ilipatikana kwenye ncha: kivinjari na seva husimba mazungumzo yao, na ruta za njiani huona anwani bila kuweza kusoma yanayosemwa. Kwa njia zenyewe hakuna ncha ya kuegemea, na kazi ya kuzitia saini tangazo kwa tangazo bado inaendelea. Kwenye hili mtandao usiotoa ahadi haujajitetea vya kutosha.

Hata hivyo, anayetaka kuona upande wa pili wa mizani aangalie Nairobi. Novemba 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya waliokuwa wakishindana kibiashara walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data. Kabla ya hapo, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama wote wako mtaa mmoja, ilipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena na kushuka Nairobi: karibu nusu sekunde kwenda, na nusu nyingine jibu kurudi, kila biti ikilipiwa kwa dola. Kituo chenyewe kilikuwa swichi chumbani na makubaliano ya kupokezana data za wateja. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba kituo kinaivunja haki hiyo, na katika muda wa wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano ikakifunga. Kisheria hoja ya Telkom haikuwa ya kubeza. Waliuziwa haki, wakaitetea. Kiufundi ilikuwa dhaifu, kwa kuwa data za Nairobi kwenda Nairobi ziligeuzwa kuwa za kimataifa na ukosefu wa kituo hicho tu. Februari 2002 KIXP ilifunguliwa tena kwa idhini. Kutoka Baran hadi hapo ni miaka 38, na mabishano yalikuwa bado ni yaleyale: nani ana haki ya kuamua pakiti ipite wapi.

Mikongo ya baharini ilipofika, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, setilaiti zilibaki akiba. Wengi wakadhani jambo limekwisha, hadi tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja upande wa Afrika Kusini, huku mkongo wa SEACOM ukiwa tayari umejeruhiwa Bahari ya Shamu tangu Februari. Tanzania iliumia sana. Kenya iliyumba lakini ilikuwa na TEAMS, unaokwenda Fujairah na haukuguswa. Hapo pingamizi la mwisho lilisikika kila kona: si mlisema mtandao huu unastahimili kukatika? Baran alisema kila kituo kiwe na majirani watatu au wanne. Itifaki hutafuta njia nyingine kama ipo. Haiwezi kupita kwenye mkongo ambao hakuna aliyeununua, na mikongo miwili inayopita bahari ileile kwa upande uleule ni majirani wawili kwenye karatasi tu. IP haiahidi kitu, kwa hiyo ahadi hazina budi kudaiwa kwa watu. Msomaji anayesimamia mtandao wa shule, zahanati au ofisi amwulize mtoa huduma wake mambo mawili kabla ya kusaini mkataba mwingine: data zetu zinatoka nchini kwa mikongo mingapi isiyofuata njia moja, na je, mmeunganishwa na kituo cha kubadilishana data cha hapa nchini? Kisha majibu yaandikwe ndani ya mkataba.